Kiingereza cha Juu cha Shemeji Yangu

Niliporudi kutoka Uingereza niliwakuta watu wa Dodoma wameshikwa na homa ya Kiingereza. Miaka niliyoondoka, mtu aliyeongea Kiingereza mkutanoni alitazamwa kama anayeficha kitu. Sasa milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka yalijaa sabuni za rangi rangi, suti za mitumba zilipigwa pasi kila nyumba, na makarani walitembea na kamusi kwapani.

Lazima nijitambulishe vizuri. Mimi ni mzaliwa wa Bahi, kule mpunga unakostawi mwaka wa mvua na kukauka mwaka unaofuata. Sikutumwa ng'ambo na serikali, sikutumwa na kanisa, wala sikuwa na mjomba wizarani. Nilipanda treni ya reli ya kati na shati moja la heshima, nikafanya kazi melini, kisha nikaosha sahani katika hoteli za mji mmoja wa Uingereza wenye mvua na matofali mekundu. Jioni nilisoma, mpaka nikapata diploma ya uongozi wa biashara. Nikaitia kwenye fremu ya kioo na kuipakata ndani ya ndege safari nzima. Mhudumu aliniomba tuiweke juu pamoja na mizigo. Nilimwambia kwamba huu si mzigo.

Basi nikafungua darasa la jioni Makole, katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Mlangoni niliandika kwa rangi nyekundu: KIINGEREZA CHA JUU. MSAMIATI MGUMU NA MISEMO. MWALIMU AMEISHI KWA WENYEWE.

Wiki ya kwanza mabenchi hayakutosha. Walikuja makarani, wahasibu, wapiga chapa wa ofisi za serikali na vijana wa vyuoni. Wote waliniambia kwamba Kiingereza cha chini wanakijua. Nilipowauliza kwa Kiingereza hicho cha chini wamekuja kwa usafiri gani, waliangaliana. Lakini hawakutaka kurudi huko. Walitaka kuanzia orofani. Mhasibu mmoja alinifuata baada ya kipindi akaninong'oneza, "Mwalimu, nipe neno moja tu, lile ambalo bosi wangu atalazimika kwenda kulitafuta." Nilimpa. Alilitumia kwenye kikao cha bajeti, na nasikia bosi alikubali hoja yake kwa kuogopa kuuliza maana.

Msamiati mgumu waliumeza bila kutafuna. Shida ilikuwa misemo. Niliwaambia kwamba Mwingereza akitaka kusema mtu amekufa, husema amepiga teke ndoo. Wanafunzi waliacha kuandika. Dodoma, kwa wasiojua, ndoo ya maji ni kitu cha kuheshimiwa. Ikifika nyumbani imebebwa kichwani kutoka mbali.

"Akipiga teke ndoo hapa kwetu," alisema mama mmoja wa ofisi ya ardhi, "atakufa kweli. Mke wake atamuua."

Siku nyingine niliwafundisha kwamba Mwingereza akitaka kusema jambo litachukua muda mrefu sana, hata lisiishe, husema litaendelea mpaka ng'ombe warudi nyumbani. Wagogo wa darasa zima walinyanyua mikono.

"Mwalimu, ng'ombe wanarudi saa kumi na mbili."

"Ni msemo tu."

"Msemo au si msemo, jua likizama wako zizini. Huo si muda mrefu."

"Labda ng'ombe wa Uingereza wamepotea," akasema mwingine, na darasa likaharibika kwa vicheko. Niliwaacha wacheke. Aliyeishi kwa wenyewe nilikuwa mimi.

Katika darasa hilo, benchi la mbele, alikaa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kusaga nafaka cha shirika moja la umma. Mtu mrefu, mkavu, mwenye suti ya kijivu aliyoivaa hata siku ya joto kali. Kabla sijaondoka Bahi, mimi nilikuwa kijana wake wa kuchunga mbuzi, na hakuna siku aliyoniacha nisahau hilo. Nikiuliza swali darasani alijibu huku akiwatazama wenzake, kama kuwaambia: mnamwona huyu? Nimemlea.

Shemeji alikuwa na mbinu yake ya kujifunza. Alikuwa anaikariri kamusi tangu ukurasa wa kwanza, bila kuruka, kama mtu anayelima shamba kwa mistari. Nilipomkuta alikuwa amefika herufi ya nne. Kwa hiyo kwa Kiingereza aliweza kuchukia, kulaani, kukataa na kudharau, lakini kufurahi kulikuwa mbali bado, kwenye herufi ambazo hajazifikia. Barua zake za kazini zilisifika. Mtu aliyeomba gunia moja la pumba alijibiwa kwa maneno ambayo hayajawahi kutumika katika sekta ya nafaka. Ofisi nzima ilimwogopa, naye alidhani huko ndiko kujua Kiingereza.

"Shemeji," nilimwambia, "haya maneno hata Waingereza wenyewe hawayatumii."

"Ndiyo maana wameshuka hadhi," akanijibu.

Kisha ikaja habari kwamba kiwanda kimeuzwa. Mwekezaji kutoka Ulaya amekinunua na mitambo yake, magunia yake na madeni yake, ila wafanyakazi hakuwanunua. Kila mmoja ataitwa, atahojiwa na mwekezaji mwenyewe kwa Kiingereza, na atakayeshindwa atapunguzwa. Siku zile neno kupunguzwa lilikuwa linatembea mjini kama kipindupindu. Watu walilitaja kwa sauti ya chini.

Jioni hiyo hiyo dada alikuja kwangu. Alikataa chai, jambo lililonionyesha kwamba mambo si mazuri.

"Mdogo wangu, nyumba tunayokaa ni ya kiwanda."

"Najua, dada."

"Shemeji yako akitolewa kazini, na sisi tunatolewa nyumbani. Watoto wanasoma hapa. Tutarudi Bahi kulima mpunga kwenye miaka hii ya ukame? Yeye jembe alilishika lini?"

"Kiingereza anacho."

"Anacho cha kugombana. Mfundishe cha kupata kazi."

Niliwakusanya wote wa kiwandani waliokuwa darasani kwangu na kuwapa mafunzo maalumu. Niliwapa misemo ya kazi, misemo ya bidii, misemo ya ushirikiano. Walitoka pale wamejaa kama magunia ya kwao. Nakumbuka nilijiambia kwamba huyo mwekezaji atadhani amefika makao makuu ya Kiingereza.

Usaili ulipoanza, shemeji alipangwa mwishoni pamoja na watu wa stoo. Kundi la kwanza lilikuwa la ofisini, na miongoni mwao alikuwemo karani wa masjala, mwanamke mchangamfu niliyemwona kuwa mwanafunzi wangu bora. Jioni alikuja darasani akasimama mlangoni, hakukaa.

"Mwalimu, umetuponza."

"Nimewaponza vipi?"

"Kwanza, yule si Mwingereza."

"Ni nani?"

"Sijui. Anatoka huko huko Ulaya, lakini Kiingereza amekisoma shuleni kama sisi, na shule yake ilikuwa mbaya kuliko yetu. Nimemwambia niko tayari kufanya kazi mpaka ng'ombe warudi nyumbani. Akamgeukia bwana utumishi wetu akamuuliza kama kiwanda kina ng'ombe, maana kwenye mkataba hakuwaona."

Darasa liliangua kicheko, lakini yeye hakucheka.

"Halafu akauliza nini?" nikasema.

"Akaacha mambo ya ng'ombe. Akauliza kwa maneno mepesi, hata mtoto angeelewa: wewe ni mzuri katika kazi yako?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema najitahidi tu."

"Halafu?"

"Akauliza kama naweza kuongoza masjala nzima. Nikamwambia nitajaribu, Mungu akipenda. Akafunga faili, akanishukuru."

Niliwauliza wengine waliohojiwa siku ile. Mmoja alisema "kidogo kidogo tu, bosi." Mwingine alisema "si mimi, ni wenzangu ndio wanaonisaidia." Watu hawa, ambao kwenye baa wangekupigia kelele kuhusu umahiri wao mpaka bia yako ipate moto, waliulizwa na mtu mwenye kazi mkononi kama wanaiweza kazi, nao wakainama na kusema wanajaribu.

Hapo niliona kosa liko wapi, na naomba ieleweke kwamba niliyeliona ni mimi. Kosa halikuwa ng'ombe. Mimi mwenyewe, siku zangu za kwanza Uingereza, nilikwenda kuomba kazi kwenye hoteli, na mwenye hoteli akaniuliza kama naweza kuosha sahani. Kuosha sahani! Nikamjibu kwa adabu zote nilizolelewa nazo kwamba nitajaribu. Akaniambia kwa upole kwamba anatafuta mtu anayeosha, si mtu anayejaribu, akanionyesha mlango. Kwenye hoteli ya pili nilisema kwamba sijawahi kumwona mtu anayeosha sahani kama mimi. Nilipewa aproni papo hapo. Siku ile ndipo nilipojua Kiingereza. Mengine yote nimeyasoma baadaye kwenye vitabu.

Lakini kwetu tabia hii ina mizizi. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki pamoja. Huwagawa kwa marafiki wamtunzie, hawa kwa fulani kule Msalato, wale kwa fulani ng'ambo ya bwawa la Bahi, ili anayepita asijue ukubwa wa mali yake. Ukimuuliza ana ng'ombe wangapi anakuambia ana vindama fulani tu, tena vimekonda. Na sifa zake mtu anaziweka vivyo hivyo, kwa watu wengine. Anayejitangaza mwenyewe anaonekana ama mwongo ama mgonjwa. Nilipokuwa nikiwasimulia watu kuhusu diploma yangu niliona jinsi wazee walivyotazama chini, kama vile suruali yangu iko wazi.

Basi nikafuta ubao. Nikamwita shemeji nyumbani kwangu, peke yake, nikamwambia kamusi aiache nje.

"Sahau misemo. Nakufundisha neno moja tu. Mimi."

"Hilo nalijua tangu darasa la tano."

"Hulijui. Haya, mimi ni mwekezaji. Wewe ni mtunza stoo mzuri?"

Alikohoa. Akarekebisha tai. "Stoo iko katika hali ya kuridhisha."

"Sikuulizi stoo. Nakuuliza wewe."

"Idara yetu imekuwa ikifanya jitihada..."

"Shemeji! Sema: mimi ni mtunza stoo bora kuliko wote mkoa huu."

 Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na huo ulikuwa mwezi wa saba, wakati upepo wa Dodoma unakata masikio. Mtu aliyeweza kumlaani mteja wa pumba kwa maneno ya kurasa nane alishindwa na sentensi ya mtoto.

"Mtu mzima ataongeaje hivyo?" alisema mwishowe. "Mbele ya watu? Nikitoka hapo nitapita wapi?"

"Utapita kwenye geti la kiwanda, una kazi."

"Wewe huko ulikoenda ulipoteza aibu kabisa."

"Ndiyo, na nikapata diploma."

Tulijaribu jioni tatu. Mafanikio makubwa aliyoyapata ni kusema "mimi" kisha kunyamaza. Siku ya kuhojiwa ilikuwa kesho yake, na dada, ambaye jioni hiyo alikuja kutupikia na alikuwa ameketi jikoni akisikiliza kila kitu huku akisonga ugali wa uwele, aliingia na mwiko mkononi.

"Mnajisumbua bure," alisema. "Huyu hajawahi kujisemea tangu azaliwe. Hata mimi hakuniomba kwa mdomo wake. Alikuja na mshenga, mshenga akamsifu nusu siku nzima, yeye amekaa anaangalia vidole vya miguu. Nikamkubali kwa maneno ya mshenga."

"Sasa?"

"Sasa kesho uende naye. Umsemee."

"Dada, usaili si posa."

"Kuna tofauti gani? Si anaombwa mtu asiyemjua amchukue? Na wewe kusifu hujambo. Tatizo lako unajisifu mwenyewe tu. Kesho umsifu mwenzio."

Shemeji alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, alinitazama kama mtu anayehitaji kitu. "Ingekuwa vizuri," alisema kwa sauti ndogo.

Sasa msomaji anicheke kama anataka. Kesho yake, asubuhi, mimi mwenye diploma nilivaa suti yangu ya Uingereza, ambayo haikuwa ya mtumba, nikaenda kwenye usaili wa kazi kama mshenga.

Chumba kilikuwa kile cha mikutano, na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Mwekezaji alikuwa mtu mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Kando yake alikaa bwana utumishi, mtu wa hapa hapa, akiwa amechoka kwa kusikiliza misemo. Tulipoingia wawili, mwekezaji aliangalia karatasi yake, akatuangalia sisi.

Mazungumzo nayaandika kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, na pia kwa kumstahi mwekezaji, maana Kiingereza chake kikiandikwa kama kilivyotoka tutakuwa tumemwonea.

"Mtunza stoo yupi?"

"Ni mimi, bwana," alisema shemeji.

"Na huyu?"

"Huyu ni msemaji wangu."

"Mwanasheria?" Mwekezaji aliweka kalamu chini.

"Hapana, bwana. Kaka wa mke wangu."

Bwana utumishi alijifunika uso kwa faili. Mwekezaji alimngoja amweleze, naye akasema kutoka nyuma ya faili kwamba ni mambo ya mila. Mwekezaji akapiga kiberiti, akawasha sigara, akasema haya, tuendelee, leo amesikia mengi.

"Wewe ni mzuri katika kazi yako?" akamuuliza shemeji.

Shemeji akageuka akanitazama mimi.

Nikasimama. Sijui kama kuna mtu amewahi kusifiwa Dodoma kama nilivyomsifu shemeji yangu asubuhi ile. Nilisema kwamba mbele yake ameketi mtunza stoo bora kuliko wote mkoa huu. Nilisema kwamba miaka ya uhaba, wakati mji mzima ulikuwa unatafuta unga kama dawa, mtu mmoja mzito alituma gari na kimemo akitaka apakiliwe magunia ya hospitali na mashule. Stoo nyingine nchini zilikuwa zikifunguka zenyewe zikiona vimemo. Shemeji yangu alikirudisha kile kimemo na gari lake tupu, akalala siku nyingi akingoja kufukuzwa kazi, na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mke wake. Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa dada jana yake, jikoni. Niliyasema kana kwamba nilikuwepo.

Mwekezaji alisahau sigara yake. Nami, nilipoona mlango umefunguka, niliingia zaidi. Nilimweleza kwamba maneno yangu si ya mtu wa mtaani. Nina diploma ya uongozi wa biashara, niliyoipata kwa wenyewe, tena kwa jasho langu, na mtu mwenye diploma ya aina hiyo akimwona mfanyakazi anamjua. Nilieleza kidogo kuhusu masomo yangu. Nilieleza kidogo kuhusu darasa langu. Inawezekana nilieleza zaidi ya kidogo.

"Wewe unaongea vizuri," alisema mwekezaji. "Una kazi?"

"Nina shule yangu."

"Diploma ya uongozi." Alimgeukia bwana utumishi. "Mimi natafuta mtu wa stoo, na natafuta mtu wa kuongea na wateja. Labda huyu mmoja anatosha kwa yote mawili."

Sikuwahi kujibu. Kiti kilianguka nyuma yangu. Shemeji alikuwa amesimama, na shingo yake ndefu ilikuwa imetoka kwenye kola yote.

"Hapana!" alisema. "Hapana, bwana! Huyu? Huyu hajui stoo! Huyu alikuwa anachunga mbuzi wangu, akapoteza wawili! Mbuzi, bwana, wenye miguu, wanaolia, akawapoteza. Gunia halilii. Mpe funguo huyu, kabla ya Krismasi utakuwa unauza magunia matupu."

"Shemeji..." nilianza.

"Nyamaza wewe. Mimi ndiye mtunza stoo hapa. Mimi. Kimemo kile nilikirudisha mimi, si yeye. Yeye siku hiyo alikuwa Ulaya anaosha sahani. Mimi naijua kila nafaka ilipowekwa na kila panya anapopitia. Nimekaa stoo ile tangu paa lake ni jipya. Hakuna mtu mji huu anayeiweza kama mimi, na kama yupo, mlete nimwone!"

Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza, na ndani yake hamkuwa na neno moja la kamusi. Kilikuwa kile cha chini, ambacho wanafunzi wangu wote walidai wanakijua. Akamaliza, akabaki amesimama anahema, halafu nikamwona anagundua alichokisema. Aliangalia sakafu. Nadhani angeweza angetoka kupitia dirishani.

Mwekezaji alicheka mpaka miwani ikamtoka, ikabaki inaning'inia kwenye kamba yake.

"Kwa nini hukuniambia haya tangu mwanzo?"

"Ulikuwa hujaniudhi, bwana," alisema shemeji.

Alibaki na stoo yake, na dada akabaki na nyumba yake. Wasioelewa mambo walisema kwamba mimi ndiye niliyekaribia kuharibu. Napenda kuwajibu hapa kwamba ile ndiyo mbinu yenyewe. Jioni tatu za kumfundisha kusema mimi zilikuwa kuni. Kilichokosekana ni kiberiti, na kiberiti kilitoka kwangu. Wala kazi ile nisingeichukua. Mtu hasomi mpaka diploma ili aje kuhesabu magunia. Ningeikataa kwa heshima zote, baada ya kusikia kwanza ni mshahara gani.

Darasani nilibadilisha mafundisho. Nusu ya kipindi msamiati, nusu ya pili mtu anasimama mbele na kujisifu kwa Kiingereza chepesi bila kuangalia chini. Mwanzoni ilikuwa kama kung'oa meno. Karani wa masjala aliyetolewa kiwandani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweza. Alisimama akasema masjala ya mkoa mzima ingekufa bila yeye, akalia kidogo, akarudia kwa nguvu zaidi. Baadaye alipata kazi nzuri kwa wafadhili wa maji. Tukikutana njiani siku hizi anasubiri mimi nianze kumsalimu.

Krismasi ile tulikwenda Bahi wote. Jamaa walikaa kwenye viti na mikeka, kukawa na nyama ya kuchoma na pombe ya kienyeji, na kila aliyeingia na salamu zake za Kigogo, mbukwa, aliombwa akae asikilize, maana shemeji alikuwa anasimulia. Mtu huyu alitokwa na jasho kwa neno moja, na sasa neno hilo lilikuwa haliishi mdomoni mwake. Mimi nikamwambia mzungu. Mimi nikasimama. Mimi nikagonga meza. Meza hakuigonga, lakini nilinyamaza. Mzungu alitetemeka, sigara ikamwanguka. Kiti kilichoanguka hakukitaja.

Mjomba wetu mmoja, mzee anayependa kujua kila kitu, aliuliza, "Na huyu msomi wetu, siku hiyo alikuwa wapi?"

Niliweka kikombe chini, nikakaa vizuri. Nilijua sasa sifa zangu zinakuja, tena kwa njia ile ile ya kwetu, kutoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Huyu?" Shemeji alinitupia jicho, akachukua kipande cha nyama. "Alinisindikiza."

Dada aliinuka haraka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nimesamehe. Mwalimu anayelia kwa sababu mwanafunzi amefaulu kupita kiasi hajui kazi yake. Ila kuna jambo moja lilisemwa mbele ya mwekezaji, kwa Kiingereza, na kwa kuwa hadi leo linarudiwa kila Krismasi, naona niliweke sawa kwa maandishi. Mbuzi wale sikuwapoteza. Mmoja alichukuliwa na fisi, na kila mtu wa Bahi anajua fisi wa miaka ile walivyokuwa. Wa pili aliondoka mwenyewe. Nilikuwa mchungaji mzuri kuliko wote upande ule wa bwawa.